Wahenga Walikuwa na Majina

(Mazungumzo niliyoyatoa Tanga mbele ya waalimu na wanafunzi wa Kiswahili. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa tu pale nilipojikwaa.)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Niliombwa nizungumzie methali. Nadhani walioniomba walitarajia niwaletee za kwetu, na mimi nimekuja na za Wachina. Mtanisamehe. Iko sababu, na sababu yenyewe ni aibu iliyonipata.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Beijing, nikimsaidia kijana mmoja wa Kichina aliyekuwa akijifunza lugha yetu. Kiswahili kinafundishwa kule tangu miaka ya 1960, na wanafunzi wao si wa kubahatisha. Ngeli wanazijua kuliko baadhi yetu tuliomo humu. Siku hiyo nilimfundisha "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akaandika. Akauliza mkuu hapo ni nani, akauliza kwa nini guu na si mguu. Nikajibu yote, shingo imenyooka. Kisha akauliza: "Mwalimu, hii ilisemwa na nani?" Wahenga, nikamwambia. "Wahenga ni akina nani?" Watu wa zamani, wenye busara. "Wa mji gani?" Nikasema Pwani, huku najua Pwani si mji. "Zamani ya lini?" Hapo nikanyamaza.

Hakuwa ananichokoza. Kwao swali hilo ni la kawaida kabisa. Kwa zaidi ya miaka elfu moja walikuwepo kule watu ambao wakisikia msemo sokoni, au barazani kwa rafiki, walirudi nyumbani wakauandika: umesemwa na nani, wapi, enzi ya mfalme gani, na kwa hasira ipi. Nikaanza kuwasoma ili nisiaibike tena. Nimeaibika mara nyingine nyingi, lakini kwa mambo mengine.

Maandiko yao yanaitwa biji. Bi ni brashi ya kuandikia, ji ni kuweka kumbukumbu. Fikirieni ofisa aliyestaafu, au aliyefukuzwa makao makuu akapelekwa mkoa wa mbali. Karatasi anazo, muda anao. Anaandika kwamba mgeni wa jana kamsimulia habari ya mzimu, kwamba neno fulani washairi hulikosea, kwamba dawa ya tumbo aliyoijaribu haikumfaa. Hapangi sura, hajengi hoja. Hong Mai, mmoja wa waandishi hao, alitia dibaji mwaka 1180 akasema, kwa maneno yangu: nimezeeka, uvivu umenizoea, sisomi sana, wazo likinijia naliandika papo hapo, lililotangulia likae mbele, sipangi. Kitabu akakiita suibi, yaani kuifuata brashi, na hadi leo Wachina wanaziita hivyo insha za namna hiyo. Kitabu cha huyo mvivu asiyesoma kikaja kuwa na mafungu 74. Mzee akikwambia yeye mvivu, mtazame kwanza mkononi.

Mwingine, wa mbele zaidi, ni Duan Chengshi, aliyefariki mwaka 863. Kitabu chake jina lake ni Youyang zazu, na huyo zu ni sinia la kuwekea vyakula vya tambiko. Sinia la mchanganyiko, basi. Katika dibaji anasema vitabu vitukufu ni mchuzi wa kale usiotiwa kiungo, historia ni nyama iliyokatwa na kupangwa, wanafalsafa ni achari. Na hadithi zake yeye ni bundi wa kuchoma na kasa wa kupikwa. Anayetaka ale. Humo kwenye sinia, kwa njia, tumo na sisi, au majirani zetu. Anaitaja nchi ya Bobali katika bahari ya kusini-magharibi, ambayo wataalamu wanaihusisha na Berbera, pwani ya Somalia. Anasema watu wake hawali nafaka, wanakula nyama, na humchoma ng'ombe mshipa wakachukua damu wakaichanganya na maziwa. Hakufika. Alisikia tu, akaandika. Ndugu zetu Wamaasai wakimsoma watasema huyu mzee alisikia vizuri.

Kwa Duan kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 725 mfalme Xuanzong alipanda mlima Tai, Taishan, kufanya tambiko kubwa la mbingu na ardhi. Msimamizi wa shughuli alikuwa waziri Zhang Yue. Desturi ilikuwa kwamba baada ya tambiko hilo maofisa hupandishwa daraja moja. Sasa waziri alikuwa na mkwewe, mume wa binti yake, aitwaye Zheng Yi, ofisa wa daraja la tisa, yaani chini kabisa. Tambiko lilipokwisha, bwana Zheng alikuwa daraja la tano, kavaa joho jekundu. Kwenye karamu mfalme akaliona joho, akamuuliza imekuwaje. Jamaa akakosa la kujibu. Mchekeshaji wa ikulu, Huang Fanchuo, ndiye aliyemjibia: "Hiyo ni nguvu ya Taishan."

Leo Mchina akisema Taishan wake, huenda haongei habari ya mlima. Anamtaja baba mkwe.

Sisi tungesema kabebwa. Lakini tazameni Duan alichotuachia: joho, rangi yake, karamu, mtu aliyeulizwa akababaika, na mtu wa mzaha aliyethubutu kusema mbele ya mfalme jambo ambalo mawaziri wote walilijua na hakuna aliyelitamka. Ukiusikia msemo peke yake unapata mlima tu.

Nije kwa Lu You, maana yeye ndiye hasa aliyenileta hapa. Alizaliwa 1125, akafa 1210 kwa hesabu za kwetu, mshairi mkubwa, aliyeishi muda mrefu wa kutosha kuwachosha maadui zake. Uzeeni alikipa chumba chake cha kusomea jina la Laoxue'an, kibanda cha kujifunza uzeeni. Jina alilichukua kwa mpiga muziki kipofu wa zama za kale sana, Shi Kuang, aliyesema kuwa kusoma uzeeni ni kama kutembea usiku na mshumaa. Daftari aliloandika humo likaitwa kwa jina la kibanda.

Anaandika hivi. Alikuwepo mkuu wa jimbo aitwaye Tian Deng. Jina hilo Deng linatamkwa sawasawa na deng nyingine, ambayo maana yake ni taa. Kwa adabu ya Wachina wa zamani jina la mkubwa halitajwi ovyo. Msishangae, nadhani hata humu ukumbini yumo aliyeolewa mahali ambapo jina la baba mkwe halitoki kinywani, na baba mkwe akiitwa Maji, basi maji yatatafutiwa neno lingine. Ila Tian Deng hakungoja heshima ije yenyewe. Alijipigia marufuku jina lake mwenyewe. Aliyelitaja, hata kwa bahati mbaya, hata akimaanisha taa ya ukutani, alimkasirisha, na makarani na askari wengi wakachapwa kwa kosa hilo. Basi jimbo zima likaacha kusema taa, likasema moto. Mnaweza kuwasikia: niletee moto nisome, zima moto tulale.

Ukafika usiku wa tarehe 15 mwezi wa kwanza, sikukuu ya taa. Mji hutundikwa taa kila upande, na wananchi huruhusiwa kuingia hadi kwenye ofisi za serikali kutazama. Kuna tangazo la kuandika, kama kila mwaka. Mwoneni sasa karani na brashi yake. Kutundika taa kwa Kichina ni fang deng. Akiandika deng, ni kiboko. Akafanya kama mji mzima ulivyozoea, akaweka moto palipo taa, akaenda kulibandika sokoni:

"Kwa mujibu wa desturi, jimbo hili litachoma moto kwa siku tatu."

Kwa maana moto kwa Kichina ni huo, na fang huo, ndugu zangu, ni kuchoma moto. Ni kosa la jinai.

Lu You anaishia hapo. Hasemi karani alifanywa nini wala watu walichekaje. Hakuandika hata methali. Methali ilikuja baadaye, midomo ya watu ilipokishika kisa hicho na kukikamua: mkuu wa jimbo ruksa kuchoma moto, raia ni marufuku kuwasha taa. Leo inasemwa kwa bosi anayejihalalishia anachowakataza walio chini yake, na kila Mchina anaijua.

Sasa wekeni kisa na methali pamoja mtazame. Katika methali mkuu anachoma. Katika kisa hachomi hata kijiti! Kosa lake ni jina lake tu, na walichapwa watu kwa ajili ya sauti ya silabi moja. Moto wenyewe umeandikwa na karani, ama kwa woga, ama kwa ujanja. Mimi naamini kwa ujanja, kwa sababu nimekaa na makarani. Methali imemfuta karani kabisa. Bila daftari la yule mzee wa mshumaa tungeshika ukali wa methali tukakosa kicheko chake, na kicheko ndicho kilichokuwa silaha ya mtu wa chini.

Jingine la Lu You nitalipitisha haraka, ingawa kwa mwalimu ni tamu. Anasema mwanzoni mwa enzi ya Song, ukoo wa kifalme uliotawala zama zake, wasomi waliukariri mkusanyo mmoja wa kale wa maandiko bora, uitwao Wenxuan. Wakauiga mpaka nyasi haziitwi tena nyasi, ni lazima ziitwe mwana wa mfalme, na ua la mplamu ni lazima liitwe tarishi. Wanafunzi wakasema: Wenxuan ukiivia hadi urojo, nusu ya shahada unayo. Baadaye, tangu mwisho wa miaka ya 1120, fasheni ikawa maandishi ya Su Shi na jamaa zake. Huyu ni Su Shi yule yule ambaye vitabu vyake vilikuwa vimepigwa marufuku na serikali mara tu baada ya kifo chake mwaka 1101. Sasa ndiye anayefaulisha mitihani. Msemo ukawa huu:

"Aliyeiva kwa Su, anakula nyama ya kondoo. Aliye mbichi kwa Su, anakunywa mchuzi wa mboga."

Nimehangaika na tafsiri nyingi za Kichina maishani mwangu, hii haikunihangaisha hata dakika. Neno lao shu ni kuiva kwa chakula na kuiva kwa mtu katika jambo, kama letu. Sheng ni ubichi wa vyote viwili. Kwa Kiingereza unahitaji maelezo chini ya ukurasa. Kwa Kiswahili unacheka hapo hapo.

Wa nne ni Yan Zhitui, wa karne ya 6, aliyewaandikia wanawe nasaha za nyumbani. Wakusanyaji wa maktaba kuu ya mfalme katika karne ya 18 walikiweka kitabu chake kwenye fungu la waandishi mchanganyiko, na ndiyo maana nimemwalika. Yan aliona mengi. Alizaliwa 531 chini ya dola ya Liang, akaiona ikianguka, akachukuliwa mateka, akatumikia dola moja baada ya nyingine. Kwa hiyo akinukuu msemo, kwa kawaida kuna maiti karibu yake.

Anakumbuka siku za neema za Liang, vijana wa familia kubwa wakipaka poda usoni na kufukiza nguo zao udi. Vyeo walipewa tu. Watu wakasema: "Akipanda gari asianguke, mpeni uandishi wa kumbukumbu, akijua kuandika 'waonaje hali', mpeni ukatibu." Halafu ikaja vita, hakuna tena baba wala mjomba wa kuwashika mkono, wakafia mitaroni. Waliookoka, anasema, ni waliojua angalau kusoma, hata vitabu viwili tu; hao walifundisha watoto wa watu wakala. Na hapo hapo anaweka methali: kulimbikiza mali kwa mamilioni hakushindi ufundi mdogo ulio mwilini mwako. Mkiikuta imeandikwa peke yake ukutani mtapita. Kwa Yan inanuka moshi.

Ana na ya kuchekesha. Katika mji wa Ye walimsema msomi anayeongea asifike: "Boshi kanunua punda, hati ya mauziano kurasa tatu, neno punda halimo." Wenzangu wa chuo kikuu mliokaa mbele, nawapa habari: mwenye shahada ya uzamivu hadi leo kwa Kichina anaitwa boshi. Na watu wa Lamu, ambako punda ndiye gari, wataona uzito wa kosa hilo. Unampeleka nani nyumbani?

Nyingine ya Yan nasita kuitaja: "Mke mfunze siku anayoingia, mtoto mfunze angali mchanga." Nusu ya pili ni samaki mkunje angali mbichi, dada wa tumbo moja. Nusu ya kwanza naona akina mama wa safu ya tatu mmeshaijibu kwa macho, na mimi nipo upande wenu. Lakini sikuificha. Yeye mwenyewe aliiandika kama alivyoisikia, kwa neno "husemwa", na ukiificha umeficha walivyoishi watu.

Kuna orodha pia zinazohusishwa na mshairi Li Shangyin wa karne ya 9, misemo mifupi mifupi iliyopangwa kwa vichwa. Chini ya "kuua mandhari" yamo kutembea na mwenge penye mbalamwezi, kuanika nguo ya ndani chini ya maua, na kufuga kuku chini ya kichanja cha maua. Chini ya "visivyopatana": Mwajemi fukara, mganga mgonjwa, mwana mieleka mwembamba. Mganga hajigangi, hilo tunalo. Huyo Mwajemi fukara ndiye wa kumtazama. Maneno mawili tu, nawe umejua kwamba machoni pa Wachina wa wakati ule mfanyabiashara wa Kiajemi alikuwa tajiri kiasi kwamba kumwona hana kitu ni kichekesho.

Sasa, yuko atakayeniuliza, na ana haki: tutajuaje kama visa hivi si vya kutungwa? Methali ipo, mtu anaitafutia hadithi. Ni kweli. Hata ile ya Taishan, Wachina wenyewe walikuwa na maelezo mengine: kwenye mlima huo kuna kilele kiitwacho Zhangren, na zhangren ni neno la baba mkwe. Inawezekana mambo yalianzia kwenye kilele, na joho jekundu likaja kushonwa baadaye. Waandishi wa Song waliyaweka maelezo yote mawili, moja baada ya jingine, wakaendelea na mambo mengine. Mimi napenda mwendo huo. Hawakusema "wahenga" wakafunga mlango.

Sisi tumefunga. Fungueni vitabu vyetu vingi vya methali: A, akiba haiozi, B, bandu bandu huisha gogo. Zimepangwa kama viatu dukani, na chini ya kila moja pana maana, na labda methali nyingine inayofanana nayo. Nani alimwambia nani hamna. Shuleni tuliandika insha tukafunga na methali ili tupate alama, na mimi nimewasahihishia wengine hivyo hivyo kwa miaka mingi. Natubu mbele yenu.

Tangu nirudi kutoka Beijing nina daftari. Si la Lu You, ni la kurasa 96, la dukani. Nitawasomea ukurasa mmoja kisha niketi, maana naona chai imeshafika.

"Usisafirie nyota ya mwenzio. Kanga ya marehemu shangazi yangu, nyekundu, pindo limefifia. Nimeikuta sandukuni. Binti yake anasema aliivaa mara ya kwanza kwenye harusi moja ya Chumbageni, mwaka 1984, akapita nayo mara mbili mbele ya wifi yake, ambaye walikuwa hawasemezani. Mtaa mzima ulijua inamhusu nani. Nimemuuliza jirani aliyekuwa akipakua pilau siku hiyo. Anasema harusi ilikuwa 1983, na kwamba siku zile kanga ilikuwa ya foleni. Hukuchagua jina, ulichukua iliyobaki, na shangazi alifika dirishani doti zimebaki mbili. Anasema wifi hata hivyo alihama kiti."